Spika mbili, nguzo au boksi la betri: vyombo vya sauti kwa kikundi kidogo Lamu

Kikundi kikienda kununua vyombo vya sauti, swali la kwanza dukani huwa ni wati ngapi. Kwa Lamu swali hilo lije la tatu. La kwanza ni mtapigia wapi: uwanjani Mkunguni mbele ya Ngome, kwenye ua wa nyumba ya mawe, juu darini chini ya makuti, au mchangani Shela. La pili ni nani atabeba. Huku gari halifiki mlangoni. Spika iliyonunuliwa Mombasa inashuka basi Mokowe, inaingia botini, inapandishwa ngazi za gati maji yakiwa yamekupwa, halafu ni mkokoteni, punda au bega mpaka mtaani. Chombo kizuri kisichobebeka kitabaki nyumbani, na shughuli itapigwa kwa kile cha kuazima.

Ninalinganisha hapa njia nne kwa kikundi cha watu wanne hadi sita: mwimbaji mmoja au wawili, udi, fidla au kodiani, kibodi na dumbak (ngoma ndogo ya mkono). Wasikilizaji ni kuanzia thelathini hadi mia mbili. Majina ya biashara ninayoyataja ni mifano ya kupimia tu. Kuna nyingine nyingi za daraja hilohilo.

Kabla ya yote, wati na desibeli

Wati zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kilele, zile ambazo spika inazifikia kwa kufumba na kufumbua. Na hata zikiwa za kweli, sikio haliendi nazo sambamba. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nyongeza ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, zinatakiwa wati mara kumi hivi.

Kwa hiyo soma karatasi ya spika utafute namba nyingine: kiwango cha juu cha desibeli kwa umbali wa mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka desibeli 6. Chukua spika ya desibeli 109. Mita 2 ni 103, mita 4 ni 97, mita 8 ni 91, mita 16 ni 85. Hicho ni kilele. Wastani wa muziki wenyewe huwa chini yake kwa desibeli 10 au zaidi, na harusi ya watu mia wanaozungumza, wanaocheka na kuitana itaufunika. Hesabu hii ndogo ingeokoa pesa za vikundi vingi.

Boksi la betri

Ni spika moja yenye amplifaya, miksa ndogo (kifaa cha kuchanganya sauti) na betri ndani. Bose S1 Pro ina kilo 7 na kitu, njia tatu za kuingizia sauti, na betri ambayo mtengenezaji anasema hufika saa 11. Saa hizo ni za sauti ya wastani. Ukiifungulia sana zitapungua. JBL EON ONE Compact ina kilo 8, njia nne, spika ya inchi 8, na betri yake inachomoka ukaweka nyingine.

Kwa Lamu chombo hiki kina thamani kubwa kuliko wanavyodhani wanaokiona kama mchezo. Mtu mmoja anakibeba kwa mkono mmoja, anapanda nacho mashua ya wageni wa machweo, anashuka Shela na kupiga mchangani bila kutafuta soketi. Udi na sauti moja, watu thelathini, mita 8: hapo kinatosha na kinapendeza.

Lakini ile ya Bose ni kama zile desibeli 109 nilizozikokotoa. Usikipeleke Mkunguni. Kikilazimishwa, kinaanza kubana sauti chenyewe ili kisiungue, na udi unapoteza ule mpigo wa risha (kipigio cha nyuzi) unaoufanya uwe udi. Njia tatu pia zinaisha haraka: sauti, udi, kibodi, basi. Mwitikiaji hana pa kuchomeka.

Nguzo

Hii ni spika nyembamba ya kusimama, yenye spika ndogondogo zilizopangwa juu kwa mstari na besi chini ikiwa ndiyo kitako. Bose L1 Pro8 ina kilo 17 hivi kwa jumla, inagawanyika vipande, na kilele chake ni desibeli 118. Faida yake haiko kwenye ukubwa wa sauti. Mstari ule unatawanya sauti kwa upana, digrii 180 kwa hiyo ya Bose, na kuibana isiende sana juu na chini. Aliye mbele haumizwi masikio na aliye nyuma anasikia, kwa sababu katika mita za karibu sauti ya mstari haishuki kwa kasi ile ya spika ya kawaida.

Fikiria sasa ua wa nyumba ya mawe ya Lamu: kuta nene za matumbawe na chokaa, sakafu ngumu, uwazi juu. Sauti inagonga ukuta huu inarudi ukuta ule, na maneno ya mshairi yanavurugika. Spika ya kawaida iliyoelekezwa hovyo inapeleka nusu ya sauti ukutani juu, ambako hakuna mtu. Nguzo inaipeleka kwa watu. Kwa taarab hili ni jambo kubwa, maana watu wanakuja kusikia maneno. Msikilizaji akikosa beti mbili, wimbo umempita.

Watengenezaji wengi wanasema nguzo isimame nyuma ya wapigaji ili nao wajisikie. Kwa mwimbaji na kibodi, sawa. Udi ukiwa na maiki mbele yake, nguzo iliyo nyuma itaingia katika maiki hiyo na utaanza ule mlio mkali wa sauti ya spika inayorudi kwenye maiki. Iweke pembeni, mbele kidogo ya mstari wa wapigaji, hata kama karatasi inasema vingine.

Kuna jambo jingine ambalo silioni likizungumzwa. Katika shughuli za wanawake, kupamba bi harusi na mikesha mingine, mara nyingi fundi mwanamume haingii. Vyombo vinabaki na akina dada na mama wenyewe, na baadhi yao ndio wapigaji na waimbaji. Nguzo yenye vitufe vichache, inayosimama kwa dakika tano bila stendi za kunyanyua juu ya kichwa, inawapa uhuru wa kuendesha sauti yao wenyewe. Miksa yenye vifundo sitini bila mtu wa kuwafundisha inawaacha wakimwita kijana azungumze kupitia dirishani. Kikundi cha wanawake kinachoniuliza, jibu langu ni nguzo, na jioni moja ya kujifunza kabla ya shughuli.

Spika mbili zenye amplifaya ndani, na miksa

Hapa ndipo moyo wangu unapoelemea kwa kikundi cha watu watano kinachopiga nje mara kwa mara. Spika ya inchi 12 kama Yamaha DBR12 ina kilo 15.8, na mtengenezaji anaipa kilele cha desibeli 131. Rudia hesabu: mita 16 ni 107 ya kilele. Ukitoa 10 au 15 unabaki na muziki unaosikika Mkunguni bila kupiga kelele. Huhitaji kuifungulia mpaka mwisho, na spika isiyokazwa hadi mwisho husikika safi zaidi na hudumu.

Inchi 10 au 12? Kama hamna ngoma kubwa wala gitaa la besi, inchi 10 inatosha na bega litashukuru. Kibodi ikipiga besi ya chakacha, nenda 12. Inchi 15 naiona ni mzigo kwa Lamu isipokuwa muwe na ghala karibu na gati.

Ubora wa njia hii ni kwamba haikufungi. Spika moja ikifa, nyingine inamaliza usiku. Nguzo ikifa, usiku umekwisha. Shughuli ndogo, unabeba moja. Kikundi kikikua, unaongeza besi au unabadilisha miksa peke yake.

Kwenye miksa kuna mtego. Namba iliyoandikwa juu si idadi ya maiki. Yamaha MG10XU inaitwa ya njia 10, lakini zinazopokea maiki ni 4 tu. Zilizobaki ni za kibodi, simu na vyombo vya aina hiyo. Hesabu maiki zenu, ongeza mbili, kisha ndipo uangalie miksa. Tafuta pia yenye AUX inayoweza kuwekwa PRE, yaani sauti inayokwenda kwa spika ya wapigaji isibadilike kila unapopandisha ya wasikilizaji.

Spika zisizo na amplifaya

Kama mmerithi seti nzima kutoka kwa kikundi cha zamani, itumieni. Kuinunua leo sishauri. Amplifaya na boksi lake ni mzigo wa watu wawili, masanduku ya mbao yanavimba kwa unyevu wa pwani, na kuna hesabu ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ya kukumbuka: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya isiyokubali omu 4 itapata moto na kujizima, au kuungua. Waya kati ya amplifaya na spika uwe ule mnene wa spika. Waya wa gitaa una plagi inayofanana lakini ni mwembamba, haubebi nguvu hiyo.

Kwa mahali

Mashua, baraza na mchanga wa Shela kwa watu wachache: boksi la betri. Ua wa nyumba, dari la makuti, hoteli, shughuli za wanawake: nguzo. Mkunguni, viwanja vya Matondoni au Kipungani, harusi ya mtaa mzima: spika mbili. Kikundi chenye pesa za njia moja tu kinunue spika mbili za inchi 10 au 12, kisha kibebe moja pale panapotaka udogo. Spika kubwa hukubali kupigwa polepole. Boksi dogo likishafika mwisho wake halina la kuongeza.

Kuunganisha

Anza na mahali, waya baadaye. Spika zisimame mbele ya maiki, zikiwatazama wasikilizaji, kwenye stendi, honi (ile sehemu inayotoa sauti ya juu) ikiwa juu ya vichwa vya watu waliosimama. Ikiwa honi iko usawa wa kifua, watu wa mbele wanaimeza sauti ya juu na wa nyuma wanabaki na besi tupu. Uani, zielekeze kuvuka urefu wa ua, zikigeuzwa kidogo ndani zisitazame ukuta moja kwa moja.

Maiki za waimbaji zinaingia kwenye miksa kwa waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu. Shure SM58, ambayo imekuwepo tangu 1966, bado ni kipimo kizuri: inasikia mbele na haisikii sana nyuma. Kwa hiyo spika ya mwimbaji kujisikia ikae chini, nyuma ya maiki, ikitazama uso wake. Mwambie mwimbaji asiifumbate ile wavu kwa kiganja. Akiifumbata, maiki inaanza kusikia kila upande na mlio unakuja. Maiki za waitikiaji watatu si lazima ziwe tatu; moja kwenye stendi, wao wakiizunguka karibu, inapunguza mlio na inachanganya sauti zao vizuri.

Udi ndio unaotaka subira. Una tumbo kubwa linalonguruma kwenye besi, na spika ikiwa karibu tumbo lile linatetemeka lenyewe. Maiki ya stendi iwe sentimita 20 hadi 30, ikitazama pale risha inapogonga, isitazame tundu moja kwa moja. Punguza besi kwenye njia hiyo. Mkipiga nje kwenye watu wengi, kipokea mtetemo kilichobandikwa kwenye udi hakilii upesi kama maiki, lakini kinataka boksi la DI (kiboksi kinachoigeuza sauti ya chombo iingie vizuri kwenye njia ya maiki) lenye nguvu yake yenyewe, au kiamplifaya kidogo kabla ya miksa. Kikichomekwa moja kwa moja kwenye njia ya kawaida kinasikika kama bati. Wapo wanaopenda maiki ndogo ya kubana kwenye udi. Hiyo mara nyingi inahitaji volti 48 kutoka kwenye miksa, kitufe kilichoandikwa +48V au PHANTOM. Kizime unapochomeka na kuchomoa, na sauti ikiwa chini.

Kibodi: waya mmoja kutoka tundu la L/MONO unatosha. Ikiwa iko mbali na miksa zaidi ya mita 6 hivi, ipitishe DI na XLR. Dumbak uani haihitaji maiki; uwanjani ipe moja, na besi yake iachwe ipumue.

Kutoka miksa, MAIN OUT kwa XLR hadi tundu la spika, na swichi ya nyuma ya spika iwe LINE, si MIC. Mimi napendelea spika zote mbili zipokee sauti ileile, moja ikiichukua kwa mwenzake kupitia tundu la THRU. Aliyekaa kulia asikose fidla kwa sababu imepelekwa kushoto.

Halafu viwango. Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayoimba kweli, si "haloo, haloo" ya kunong'ona. Pandisha GAIN, kifundo cha nguvu ya maiki inapoingia kwenye miksa, mpaka taa nyekundu imulike kwa nadra, kisha shusha kidogo. Bonyeza kitufe cha kukata besi, chenye alama ya 80 au 100 Hz, kwenye kila maiki ya sauti: kinaondoa upepo wa kusi, kishindo cha stendi na mnguruma wa miguu. Sifongo juu ya maiki nje Lamu si pambo, ni lazima. Mwangwi wa miksa uwe kidogo uwanjani na usiwepo kabisa uani, kwa sababu kuta za mawe zimeshaweka wa kwao.

Mlio wa maiki ukitokea, usikimbilie kifundo kikuu. Shusha maiki ambayo haina mtu mbele yake. Mara nyingi ndiyo.

Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Ule mshindo wa ghafla unaosikika mtu akikosea mpangilio huu unapiga koni (ile duara inayotetemeka ndani ya spika) na honi kwa nguvu isiyo ya muziki.

Umeme

Umeme wetu ni volti 240 na plagi ya pini tatu yenye fyuzi isiyozidi ampia 13, ambayo kwa hesabu ni wati 3,120. Spika mbili na miksa hazikaribii hapo, hata kama boksi limeandikwa wati elfu. Hivyo vyote vichukue umeme kutoka soketi moja, kwa ekstensheni nzuri. Miksa ikichukua chumba hiki na spika chumba kile, waya za ardhi zinatofautiana na mnguruma unaingia. Mnguruma ukibaki, bonyeza kitufe cha GND LIFT kwenye DI. Pini ya ardhi ya plagi isikatwe kamwe, na hili nalisema kwa msisitizo: mpigaji ameshika nyuzi za chuma, mdomo uko kwenye maiki ya chuma, miguu iko kwenye mchanga wenye maji ya chumvi. Mahali pa nje weka swichi ya kukata umeme unapovuja.

Jenereta iwekwe upande ambao upepo unapeleka kelele mbali na watu, na ekstensheni ifunuliwe yote. Ikiachwa imeviringwa inapata joto. Zile za inveta zinatoa umeme tulivu zaidi na zina kelele kidogo. Zikiwepo aina mbili za kukodi, chukua ya inveta.

Adhana na majirani

Panga orodha ya nyimbo kwa kufuata nyakati za sala. Lamu ina misikiti mingi na imekaribiana na nyumba. Maghrib na Isha muziki unanyamaza kabla ya adhana, si baada ya mtu kuja kusema, na kitufe cha MUTE kiwe karibu na mkono wa mtu aliyeteuliwa. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 nazo zipo, kwa hiyo kwa shughuli ya uwanjani ulizeni kibali kwenye ofisi za kaunti mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Chumvi, na vyombo vya mtumba

Hewa ya bahari inakula matundu ya XLR, skrubu za wavu na vifundo. Baada ya kupiga ufuoni, pangusa kila kitu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na uache kipoe na kukauka kabla ya kufunga mfukoni. Ukifunga nailoni kikiwa na jasho umefungia kutu ndani. Waya uzitundike, usizikunje.

Ukinunua spika iliyotumika, sikiliza kila moja peke yake. Weka kwanza sauti ya mtu anayezungumza, kisha udi au kanuni (ala ya nyuzi) kwa sauti ya chini. Koni iliyopasuka inakwaruza kwenye besi hata ikiwa polepole. Honi iliyokufa inafanya maneno yasikike kama yametoka nyuma ya pazia. Zungusha kila kifundo taratibu usikie kama kinakatakata. Chomeka waya kwenye kila tundu uutikise. Mulika tochi ndani ya wavu: skrubu zikiwa na kutu nyekundu, fundi afungue nyuma uone ubao wa ndani kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa kufunguliwa, mwachie.